Nne si nusu ya tisa: Somo la hesabu nililolipata Shelui

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyeumba kila kitu kwa kipimo na ambaye hakuna idadi inayompotea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu msomaji, aghalabu katika ukurasa huu huwa tunazungumzia makosa ya watu wengine. Leo naomba idhini yako nizungumzie kosa langu mwenyewe, kwani nimeona kuwa ndani yake lipo funzo kwa wazazi, kwa vijana na hasa kwetu sisi tuliobebeshwa amana ya kuhukumu baina ya watu.

Nilikuwa safarini kutoka Singida kuelekea Nzega, na Ijumaa ikanikuta Shelui. Shelui ni mji mdogo wa Wilaya ya Iramba, ulio chini ya mlima Sekenke, pale ambapo barabara kuu humaliza kona zake na kuishika tambarare ya Wembere. Malori ya masafa marefu hupumzika hapo. Wapo wakulima wa mtama na alizeti, wapo wafugaji, na wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwani dhahabu ya Sekenke inafahamika tangu zama za utawala wa Wajerumani.

Baada ya sala, familia moja iliniomba niwagawie mirathi. Marehemu alikuwa mchimbaji mdogo. Aliacha mjane, baba yake, mama yake, mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja. Gharama za mazishi zilikwishaondolewa, madeni yamelipwa, wasia hakuacha. Zilibaki shilingi 7,200,000.

Mafungu yenyewe hayakuwa na utata wowote, kwani yamebainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mjane, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Baba hupata sudusi, sehemu moja ya sita, na mama vivyo hivyo. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Nikaigawa mali katika sehemu 24, kila sehemu shilingi 300,000. Mjane akapata sehemu 3, baba 4, mama 4. Jumla 11. Zikabaki 13 za watoto wawili.

Hapo ndipo nilipoteleza. Kumi na tatu haigawanyiki kwa tatu bila kubakisha. Dereva alikuwa akipiga honi barabarani, nami nilikuwa na haraka. Nikasema: kijana achukue 9, binti achukue 4, na Allah ni Mwingi wa kusamehe. Wazee wakaitikia, wakaanza kunishukuru.

Binti yule, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Akasema kwa adabu: "Samahani, sheikh, naomba kuuliza. Umesema mimi napata nusu ya kaka yangu. Lakini nne si nusu ya tisa."

Ami yake mmoja akamkemea kwamba mtoto wa kike hamsahihishi sheikh mbele za watu. Nikainua mkono kumnyamazisha, kwa sababu moyo wangu ulikwisha kuniambia kuwa mtoto anasema haki. Nikamwuliza: "Wewe ungefanyaje, mwanangu?" Akafungua daftari lake. Akasema kuwa kwa kuwa 13 haigawanyiki kwa 3, basi tuzidishe 24 kwa 3, tupate sehemu 72 badala ya 24. Mjane atapata 9, baba 12, mama 12. Zitabaki 39, na 39 inagawanyika: kijana 26, binti 13. Kila sehemu ni shilingi 100,000. Kwa hiyo kijana ana haki ya 2,600,000 na binti 1,300,000.

Mimi nilikuwa nimempa kijana 2,700,000 na binti 1,200,000. Kwa uvivu wa kuzidisha mara moja tu, nilikuwa nimeihamisha shilingi 100,000 kutoka mkononi mwa yatima na kuiweka mahali ambapo Allah hakuiweka. Na aya ya 10 ya sura ile ile, iliyo jirani kabisa na aya za mirathi, inaonya vikali kuhusu wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

Jambo lililoniaibisha zaidi ni kwamba alichokifanya binti yule kina jina katika elimu yetu. Wanazuoni wa mirathi wanakiita tas-hih, yaani kuisahihisha hesabu ili kila mrithi apate sehemu kamili isiyovunjika. Nilifundishwa madrasa nikiwa kijana, nikakisoma tena chuo kikuu. Lakini nilikihifadhi kama maneno, sikukifahamu kama hesabu, na maneno yasiyofahamika huondoka kimyakimya.

Hesabu ni katika dini

Wapo wanaodhani kuwa hisabati ni somo la dunia tu, na kwamba mtoto akishajua kusoma Qur'ani hesabu si neno. Dhana hiyo haitokani na Uislamu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameihesabu elimu ya hesabu pamoja na tiba katika faradhi za kutosheleza, akataja kuwa watu wanaihitaji katika biashara, katika kugawa wasia na katika mirathi. Maana yake, mji ukikosa kabisa mtu wa kuifahamu, wakazi wake wote wamo katika lawama.

Kabla yake, huko Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala. Kutokana na jina la kitabu hicho dunia ikapata neno aljebra. Wengi hawajui kuwa sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia mas'ala ya wasia na mirathi. Aljebra ambayo mwanafunzi wa leo anaiona kama adhabu, mmoja wa waasisi wake aliiweka katika kazi ya kumpa kila mwenye haki haki yake.

Imepokewa pia kuwa Ali bin Abi Talib (R.A.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Ukizijumlisha juu ya 24 utapata 3, 16, 4 na 4, yaani 27, nazo zimezidi mali yenyewe. Alijibu hapo hapo kwamba thumuni ya mke imegeuka kuwa sehemu moja ya tisa, kwa sababu 3 katika 27 ni moja katika 9. Kisha akaendelea na hotuba yake. Huyo ndiye mtu ambaye hesabu imekaa kifuani mwake!

Tuje kwa wachimbaji wetu wa Sekenke na Shelui. Mtu ameweka akiba ya gramu 100 za dhahabu, na mwaka umetimia. Je, ana zaka? Kiwango kinachotajwa na wanazuoni wengi wa zama hizi ni gramu 85 za dhahabu safi. Ikiwa dhahabu yake ni ya karati 18, basi iliyo safi ni sehemu 18 katika 24, yaani gramu 75, na haijafika kiwango. Ikiwa ni ya karati 21, iliyo safi ni gramu 87.5, imefika, naye anadaiwa asilimia mbili na nusu. Mizani ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini hukumu mbili ni tofauti, na kinachozitenganisha ni hesabu ya sehemu ya darasa la tano. Na asiyeijua hesabu hiyo ndiye huyo huyo anayepunjwa na mnunuzi, au anayepunjwa katika mgao wa mawe pale shimoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Alijifunza wapi?

Nilimwuliza binti yule nani aliyemfundisha. Akanijibu kuwa alipotea tangu darasa la tano, pale waliposoma kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Hakuelewa, akaona haya kuuliza, na kila kilichofuata kikajengwa juu ya shimo. Alipoingia kidato cha kwanza tatizo likawa mawili, kwani somo alilolisoma kwa Kiswahili shule ya msingi sasa lilifundishwa kwa Kiingereza.

Hayuko peke yake. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa takriban mtahiniwa mmoja katika kila watano. Hawa si watoto wasio na akili. Wengi wao ni watoto waliopotea njia mahali fulani, na msafara haukurudi kuwatafuta.

Yeye aliamua kurudi mwenyewe. Jioni mama yake alimpa simu kwa muda wa saa moja. Hakutafuta masomo ya kidato cha pili. Alianza na masomo ya video ya shule ya msingi, pale pale alipopotea, bila kuona haya, kwa sababu simu haimcheki mtu. Kila mfano ulipoanza kutolewa alisimamisha video, akaufanya kwanza kwenye daftari, kisha akaendelea kutazama ili aone amekosea wapi. Siku ya Jumamosi alimpelekea mwalimu mmoja jirani yale yaliyomshinda. Ilimchukua miezi, wala hakunificha kuwa mara nyingi alilia.

Njia hiyo si ngeni. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, ameeleza katika habari za maisha yake kuwa baba yake alimpeleka kwa muuza mboga aliyeijua hesabu ya Kihindi ili ajifunze kwake. Baadaye alisoma kwa mwalimu maumbo matano au sita ya mwanzo ya kitabu cha Euclid, kisha kitabu kilichobaki akakifumbua mwenyewe. Tazama mpangilio huo: mwalimu wa kukushika mkono mlangoni, halafu jitihada yako mwenyewe ndani ya nyumba.

Hazina zilizopo

Leo milango ni mingi kuliko ya zama hizo. Mwaka 2004 kijana mmoja wa Marekani mwenye asili ya Bara Hindi, Salman Khan, alianza kumfundisha binamu yake aliyekuwa mbali, kwa simu na intaneti, kwa sababu binti huyo alikwama katika kubadili vipimo. Jamaa wengine wakaomba nao wafundishwe, na mwaka 2006 akaanza kuyaweka masomo yake kwenye YouTube. Binamu zake wakamwambia wanampendelea zaidi kwenye video, kwani huko wanaweza kumsimamisha na kumrudia watakavyo bila kumchosha wala kuona haya. Mwaka 2008 akaunda Khan Academy, taasisi isiyolenga faida, ambayo masomo na mazoezi yake ya hisabati ni ya bure, kuanzia kuhesabu hadi ngazi ya chuo.

Na sisi hapa nchini hatukulala. Shule Direct ilianzishwa mwaka 2013 na Bi. Faraja Nyalandu, nayo inatoa masomo ya sekondari kwa kufuata mitaala ya Tanzania. Kwa watoto wadogo, katuni za Ubongo Kids zilianza kurushwa na TBC mwaka 2014, zikifundisha hisabati kwa Kiswahili kwa njia ya visa na nyimbo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ambavyo mwanafunzi huvisoma bila kulipa. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, familia nyingi zilitambua kwa mara ya kwanza thamani ya hazina za namna hii.

Aliyekwisha kuacha shule naye asikate tamaa. Upo Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, unaomfungulia mlango mtu ambaye hakusoma sekondari ili baadaye aufanye mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ipo pia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Adabu za kujifunza peke yako

Ndugu msomaji, kuwepo kwa kisima si kunywa maji. Wapo vijana ambao simu zao zimejaa masomo, lakini vichwa vyao vimebaki vitupu. Kutokana na niliyoyaona Shelui, na niliyoyapitia mimi mwenyewe baada ya hapo, natoa nasaha zifuatazo.

Kwanza, anzia pale ulipovunjika. Kama hujui kigawe kidogo cha shirika, usianze na milinganyo. Mtu mzima asione haya kufungua somo la darasa la nne.

Pili, kalamu ndiyo mwalimu. Anayetazama video ya hesabu bila kuandika ni sawa na anayesikiliza Qur'ani redioni akidhani anahifadhi. Sisi tuliohifadhi kwa ubao tunajua: huandika, ukasoma, ukafuta, ukaandika tena bila kutazama. Ifanyie hesabu hivyo hivyo.

Tatu, fanya murajaa. Tenga daftari la makosa, na kila wiki uyarudie maswali yale yale yaliyokushinda mpaka yasikushinde. Nusu saa ya kila siku baada ya Alfajiri ina baraka kuliko saa tano za siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, jenga daraja la lugha. Kila msamiati wa hisabati unaokutana nao kwa Kiingereza, uandike mkabala na mwenzake wa Kiswahili: sehemu, asilimia, uwiano, kipeuo, mlinganyo. Mara nyingi kinachomshinda mtoto ni swali lenyewe, maana hesabu yake anaijua.

Tano, tafuta mtu. Wanazuoni walionya kuwa anayekifanya kitabu kuwa ndiye sheikh wake wa pekee, makosa yake huwa mengi kuliko usawa wake. Ni kweli kuwa hesabu ina rehema yake, kwani jibu unaweza kulihakiki mwenyewe: zijumlishe sehemu za warithi, na zisipolingana na mali yote, umekosea. Hata hivyo lipo kosa ambalo mtu halioni mpaka aonyeshwe na mwenzake. Mimi niliyajumlisha mafungu yangu siku ile yakatimia 24, nikadhani nimepatia.

Sita, ichunge simu. Chombo kinacholeta somo ndicho kinacholeta upuuzi, na huenda upuuzi ukawa unang'aa zaidi. Mzazi aweke saa maalumu na mahali maalumu, sebuleni na si chumbani. Penye mtandao dhaifu, masomo yapakuliwe mapema yahifadhiwe, ili kifurushi kisimalizike mtoto akisubiri.

Wazazi na madrasa

Najua gharama. Si kila nyumba ina simu ya kufungua intaneti, na penye simu hiyo si kila wiki kuna fedha za kifurushi. Kwa sababu hiyo nasema jambo hili lisiachiwe mzazi mmoja mmoja. Madrasa zetu nyingi zina chumba kinachokaa bure baada ya Isha. Simu moja ya mhisani, ubao mmoja, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, na watoto kumi wenye madaftari wanatosha kuwa darasa. Tuliweza kuchanga saruji na bati za kujengea misikiti, na hatutashindwa kuchanga kifurushi. Hiyo ni elimu yenye kunufaisha, ambayo thawabu yake Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa haikatiki kwa mauti.

Na tusiwatenge mabinti. Wapo wanaompa mtoto wa kiume simu ya kusomea, na wa kike wakampa ndoo ya maji. Katika kikao kile cha Shelui palikuwa na wanaume wengi, na miongoni mwao sheikh mwenye shahada. Aliyeiona haki ilipopotea alikuwa binti, na lau angalikuwa amebaki pale alipopotea darasa la tano, angaliondoka na 1,200,000 akiamini kuwa hiyo ndiyo hukumu ya Allah. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Fedha zingepungua, na pungufu hilo lingenasibishwa na dini.

Kwa upande wangu, niliirekebisha hati mbele ya wote, nikamwomba binti yule radhi, na dereva akanisubiri. Niliporudi nyumbani, nikiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, nilinunua daftari la mistari nikafungua somo la kwanza la sehemu. Wajukuu walicheka kidogo, kisha wakaja wakakaa pembeni yangu na madaftari yao. Tangu siku hiyo sijagawa mirathi bila kuihakiki hesabu mara mbili, na kila ninapofika kwenye namba isiyogawanyika, huisikia sauti ile ikiniambia kuwa nne si nusu ya tisa.

Twamwomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awalee mayatima wetu, na awape watoto wetu subira ya kurudi pale walipopotea. Amin.

Wabillahi tawfiq.